Mgongo wa Maestro Marcellin

Kasongo ina watu wanaojulikana kwa sura zao, wengine kwa sauti, na yupo mmoja anayejulikana kwa kicheko kinachosikika upande wa pili wa soko. Marcellin, mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya misheni, alijulikana kwa mgongo. Hilo halikuwa tusi. Mtu anayeongoza kwaya ya watoto kanisani kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, huwapa watu kisogo tangu wimbo wa kuingilia hadi ule wa kutokea, na watu, kwa kuwa hawana kingine cha kutazama, hutazama walichopewa.

Basi walilijua koti lake la kijivu lililofumuka katikati na kushonwa kwa uzi mweusi. Pascaline, mkewe, ndiye aliyelishona, na alitumia uzi mweusi kwa sababu wa kijivu ulipatikana mjini Kindu tu. Waliujua mkunjo wa shingo yake ambao jasho lilipitia kushuka kwenye ukosi. Sokoni, Marcellin alipokuja akiwaelekea, watu waliendelea kupima mchele wao. Alipokwisha kuwapita ndipo salamu zilipoanza. "Maestro, jambo." Ilimlazimu kugeuka kila mara, na alipogeuka walishangaa kidogo, kama waliomsalimia mtu mwingine.

Maestro ndilo jina la viongozi wa kwaya nchini kote, hata wale wasioweza kutofautisha do na fa. Marcellin aliweza, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau kwamba anaweza.

Kwetu mwimbaji akiimba vizuri hatosheki na makofi, maana kwa makofi hata kuku hufukuzwa. Mtu huinuka alipokaa, akaenda mbele akichezacheza, akatoa kitambaa na kumpangusa mwimbaji jasho la uso. Kama jasho halipo, atapangusa palepale ambapo lingekuwapo. Huko ndiko kusifiwa. Marcellin alilipiga marufuku jambo hilo mwaka wake wa kwanza, baada ya mama mmoja kumpangusa mwanawe kwa upendo mwingi hadi akamziba mdomo katikati ya Amina. Misa ilipokwisha maestro alisimama akasema kwamba kwaya si baa, na kwamba kuanzia siku hiyo vitambaa vikae mifukoni. Akina mama walitii kwa namna wanayotii akina mama, yaani walinyamaza na kusubiri.

Kwa kuwa alikataza, hakuna aliyempangusa yeye pia. Kila Jumapili alirudi nyumbani ukosi umelowa, na Pascaline alilichukua koti akalianika kwenye kamba bila neno. Neno lilikuja baadaye, mezani.

"Ulikataza weye mwenyewe."

Marcellin alijibu kwamba hakuhitaji kupanguswa. Alikuwa mwongo mkubwa, lakini katika jambo hilo moja tu.

Ilikuwapo pia habari ya Bruno. Bruno ni kaka mkubwa wa Pascaline. Alianzia Salamabila akiwauzia wachimba dhahabu sufuria na betri, sasa ana duka lake Kabambare, lenye milango miwili. Siku ya harusi, mbele ya jamaa wa pande zote, alisema dada yake anaolewa na mtu ambaye kazi yake ni kupepea mikono kama anayefukuza inzi. Tangu hapo, kila walipokutana, hakuuliza habari za nyumbani wala za kazi. Aliuliza, "Shemeji, inzi wamekwisha?" Na Marcellin, mtu wa noti na funguo za muziki, hakuwahi kupata jibu hata moja la kumrudishia.

Mambo yalikuwa hivyo mwongoza filamu alipofika.

Aliitwa Serge, mtu wa Lubumbashi. Alishuka Kindu kwa ndege, akaja Kasongo kwa pikipiki na kamera imeviringishwa kwa godoro kama mgonjwa. Aliwakusanya walimu uwanjani akaeleza alichokijia. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya kutazamwa na jamaa nzima, mpaka nyanya na wajukuu. Watoto wa shule moja hawajui kabisa kuimba. Mwalimu mpya anakuja, mambo yanaharibika vya kutosha, mkaguzi anaangukia ngoma, kisha siku ya mashindano watoto wanaimba vizuri na watu wazima wanalia. Serge aliieleza kana kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kitu kama hicho duniani.

Marcellin alisikia neno moja tu, mwalimu. Jioni ile alikata nywele. Kesho yake alimwita dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa akielekea Kabambare akamtuma, "Umwambie Bruno mimi naingia katika filme. Uso kabisa." Kufikia mchana soko lote lilijua. Ni kweli alimwomba kila mmoja asiseme, na ndiyo maana habari ilienda haraka.

Siku iliyofuata pikipiki nyingine ilimleta Blaise. Huyo Blaise alikuwa na meno mengi meupe na miwani isiyokuwa na kazi, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa filamu. Marcellin alipewa cheo cha mshauri wa muziki. Alikuja kugundua kwamba mshauri ni mtu anayekaa karibu na chupa ya chai.

Iliuma. Tuseme wazi, maana yeye hakusema. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuwafundisha watoto wake kuimba vibaya.

Mtu aliyetumia ujana wake kuwatoa watoto kwenye kelele akawaingiza kwenye wimbo, leo anaambiwa awarudishe. Aliifanya kwa bidii ileile aliyokuwa nayo kwa mambo yote, na hapo ndipo palipoharibika. Aliwagawa watoto makundi. Hawa wakosee kwa kupanda juu, wale kwa kushuka chini, na wa nyuma wachelewe. Aliwafanyisha mazoezi asubuhi nzima, akiwagombeza waliokosea vibaya. Serge alipokuja kusikiliza, watoto walikosea kwa mpangilio mzuri hivi kwamba mlinzi wa shule alivua kofia.

"Mwalimu," Serge alisema, "banakosea bote pamoja. Mimi nataka kila mutoto akosee peke yake."

"Peke yake? Hiyo haiko korale, hiyo iko soko."

"Njo vile. Nataka soko."

Mwishowe Serge alimwomba akanywe chai kidogo mbali na darasa. Marcellin hajafika hata mlangoni, soko likaanza nyuma yake. Watoto walipiga kelele, walibweka, mmoja alikoroma, na vicheko vyao vilikuwa vya watu waliofunguliwa kamba. Alikaa na kikombe chake akisikiliza jinsi miaka yote ile ya kazi inavyoweza kuvuliwa na watoto kama viatu vya Jumapili. Chai ilipoa.

Kilichomwokoa ni akina mama. Walikuja kutazama, wakaketi ndani ya darasa, kando, na kamera ilipowashwa Estelle, mtoto wa kike mwenye sauti nzuri kuliko wote, akasonga mbele kuimba kwa kukwaruza kama alivyoagizwa. Hajamaliza mstari, mama yake akaingia katikati ya picha akicheza, kitambaa mkononi, akampangusa uso vizuri sana kisha akarudi kukaa.

Serge alisimamisha kazi. Alimweleza kwa adabu kwamba mtoto yuko katika filme, na anaimba vibaya.

"Vibaya kwa nani?" Mama Estelle aliuliza.

Walirudia. Akaingia mama mwingine na mwanawe akapanguswa. Walirudia tena, wakaingia wawili. Hapa si kanisani, walisema, na sheria ya maestro ni ya kanisani. Waliisubiri siku hiyo kwa miaka, na sasa vitambaa vilitoka hata kwa watoto waliokuwa wamesimama tu pale nyuma na kufungua mdomo bila sauti. Blaise naye alisogeza uso wake mbele mara moja au mbili, bila mafanikio.

Ikabidi Serge amfuate mshauri wake kwenye chupa ya chai. Marcellin aliinuka taratibu, kama daktari aliyechelewa kuitwa kusudi. Aliingia, akawatazama, akasema maneno machache. Akina mama wakatoka nje na kuhamia madirishani.

Kumbe shida kubwa ilikuwa bado. Katika picha ya mwisho, ile ya mashindano, watoto walitakiwa waimbe vizuri kabisa, na mwalimu awaongoze. Wimbo ulikuwa wa Marcellin mwenyewe, aliutunga juu ya mto Lualaba, hauna neno la kuchekesha hata moja. Blaise alisimama mbele yao akainua mikono. Aliisogeza kama mtu anayetafuta shati gizani. Watoto walimtazama kwa huruma, kila mmoja akaanza alipoona panafaa, na soko likarudi bila kuagizwa. Walijaribu hadi jua la utosini. Serge aliketi kwenye sanduku la kamera, akafikiri, akamwita Marcellin pembeni.

"Mwalimu, tunakuomba mugongo."

Marcellin hakuelewa.

"Utavaa vesti ya Blaise. Tunakupiga picha kwa nyuma. Uso tutamupiga Blaise kisha."

Kwa hiyo ulimwengu wa sinema, uliotoka mbali hivyo na vyombo vyake vyote, ulifika Kasongo ukaona kilekile ambacho Kasongo ilikuwa ikikiona kila Jumapili. Marcellin alilitazama lile koti la njano alilovaa Blaise. Alikuwa na haki ya kukataa, na nadhani angekataa, lakini watoto walikuwa wamepanga mistari wakimtazama yeye, na Estelle alikuwa tayari ameanza kuvuta pumzi. Akalivaa. Lilimbana makwapani.

Wazazi waliruhusiwa kuingia, maana mashindano yanataka watazamaji, ila waliapishwa kwamba hakuna atakayegusa mtoto. Mikono ya Marcellin ilipanda. Sitasimulia namna walivyoimba. Inatosha kusema kwamba wale waliokuwa wakibweka walikuwa haohao, na kwamba mlinzi hakuwa na kofia ya kuvua kwa sababu hakuwa ameirudisha kichwani. Maestro alisahau kamera. Jasho lilimshuka kwenye mkunjo wa shingo, likaingia kwenye ukosi wa njano wa mtu wa Lubumbashi. Alipofunga mkono kwa noti ya mwisho, kimya kikawa kizuri, na katika kimya hicho Pascaline akainuka.

Hakucheza. Alipita kando ya kamera, akamfikia mumewe ubavuni, akamshika kidevu na kumgeuzia kwake. Kisha akampangusa paji, mashavu, na chini ya kidevu, polepole, mbele za watu wote.

Serge alipiga kelele ya kusimamisha. "Mama, tulisema hapana kupangusa batoto."

"Mulisema watoto," Pascaline alijibu. "Huyu haiko mutoto."

Marcellin alisimama pale uso ukiwa mkavu kwa mara ya kwanza baada ya wimbo, hajui aweke wapi mikono. Serge alienda kwenye kamera yake kukaripia vizuri zaidi, akarudisha picha nyuma, akatazama, akatazama tena. "Hapa iko kitu," akasema. Hakuomba warudie. Siku mbili tatu baadaye walifunga godoro lao wakaondoka.

Basi, mtu akikwambia jambo kama hilo, utaelewa nini? Marcellin alielewa kwamba uso wake umo. Kamera ilikuwa inawaka, kidevu kiligeuzwa, Serge amependa. Alimtuma dereva yuleyule Kabambare kuthibitisha. Alieleza sokoni, barazani kwa Kamaldine mwenye duka, kwa mapadri, na kwa watoto wa darasa la nne wakati wa somo la hesabu. Alionyesha kila mara namna alivyogeuzwa, akijishika kidevu mwenyewe. Pascaline alimwambia apunguze. Akapunguza, akabaki kueleza waliouliza tu, na kuwakumbusha waliosahau kuuliza.

Filamu ilirudi wakati wa kiangazi, ndani ya kifaa kidogo kama jino. Kamaldine alitoa jenereta yake, mashine ya kuonyeshea na shuka jeupe, akalifunga uwanjani pa shule, na watu wakangoja mpaka wenzao watoke kuswali magharibi ndipo ikawashwa. Watu wote walikuwapo. Bruno alifika kwa pikipiki kutoka Kabambare, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi, akaketi nyuma ya shemeji yake aliyewekewa kiti cha mbele.

"Inzi wamekwisha?"

"Ngoja utaona," Marcellin alisema. Lilikuwa jibu lake la kwanza tangu harusi.

Sitakataa, filamu ilichekesha. Mkaguzi aliangukia ngoma, nyanya walicheka na wajukuu. Watoto walijitafuta kwenye shuka wakajiona, na kila aliyejiona alisimama akawaziba wengine. Kisha mashindano yakafika. Shuka lote likajaa mgongo wa njano, na uwanja mzima ukaita kwa pamoja, "Maestro!" Koti halikuwa lake, lakini hakuna aliyebabaika hata kidogo. Waliujua ule mkunjo wa shingo. Waliimba na watoto wao wimbo wa Lualaba hadi mwisho, na Marcellin akakaa wima kwenye kiti, kwa sababu kimya kile kizuri kilikuwa kinakuja, na baada yake ni mkono.

Mkono ukaja. Ulikuwa na kitambaa, na kucha zake zilipakwa rangi nyekundu. Ukapangusa uso. Uso ulikuwa na meno mengi na miwani.

Watu waligeuka kumtafuta Pascaline huko nyuma kwa wanawake.

"Pascaline," Mama Estelle aliuliza gizani, "ulipaka kucha siku gani?"

Kumbe Serge alikipenda kile kitu kweli. Alikipenda hivi kwamba alikibeba hadi Lubumbashi akakipiga upya, safi, na watu wenye sura.

Bruno alijiinamisha mbele. "Shemeji," alisema kwa sauti ya kufika mbali, "bibi yako anapangusa watu wa Lubumbashi sasa?"

Watu walicheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wamecheka tangu mwanzo na vicheko vilikuwa bado vipo karibu. Lakini Marcellin alivisikia vyote, kimoja kimoja, kama anavyosikia sauti za kwaya, na alijua kila kimoja ni cha nani. Akainuka kwenda nyumbani. Kwa kuwa kiti chake kilikuwa cha mbele, ilimbidi apite katikati ya mwanga, na kivuli cha mgongo wake kikapanda juu ya shuka kikafunika meno ya Blaise. Watu wakaita, "Maestro, kaa chini."

"Simama hapohapo," Pascaline alisema.

Alisimama. Huko nyuma kwa wanawake mtu alikuwa anakuja akikanyaga miguu ya watu na kuomba radhi. Pascaline aliingia katika mwanga, mkono usio na rangi yoyote kwenye kucha. Safari hii hakumgeuzia kwake. Alimshika mabega yote mawili, akamgeuza mzima mzima mpaka akawatazama watu, akatoa kitambaa mkandani. Filamu iliendelea kupita juu yao. Majina ya watu wa Lubumbashi yalipanda kwenye tumbo la Marcellin, yakapita kifuani, yakapotelea kwenye nywele. Aliukunja uso kwa ajili ya mwanga, na walipomtazama waliona mtu mwenye macho mekundu, mashavu yaliyoingia ndani, na kovu dogo juu ya mdomo ambalo wengi wao hawakujua kama lipo.

"Kumbe anafanana na marehemu mama yake," bibi kizee mmoja alisema.

Pascaline akampangusa. Jasho halikuwapo. Yalikuwapo machozi, na kitambaa hakikubagua.

Alipomaliza, Mama Estelle alikuwa nyuma yake, akichezacheza bila wimbo. Nyuma ya Mama Estelle walikuwapo wengine, wale wa madirishani, wale waliosubiri tangu mwaka wa Amina, na vitambaa vya aina zote. Walimpangusa mpaka ngozi ikamwasha. Alijaribu kuwaambia inatosha, lakini kila alipofungua mdomo alizibwa. Mwanga wa mashine ulizimika, Kamaldine akaleta tochi akaishika juu, na mstari ukaendelea.

Wa mwisho alikuwa Bruno. Alitoa kitambaa mfukoni, akakikung'uta, akamkaribia shemeji yake kana kwamba anakwenda kuvunja bei. Watu wakangoja aulize habari za inzi. Hakuuliza. Alipangusa mara moja tu, kwa nguvu, toka sikio hadi sikio, na vumbi la barabara ya Kabambare likabaki usoni kwa Marcellin, mstari mwekundu mpana.

Nyumbani Pascaline alimwekea maji ya kunawa. Marcellin alisema atanawa kesho.